Namba Iliyofichwa na Koti

Meza iko chini ya dirisha linalotazama kaskazini. Huku Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, mwanga wa upande huo hauleti jua lenyewe. Huingia mpole na sawasawa tangu asubuhi hadi jioni, na hauchomi karatasi. Juu ya meza Mzee ametandika karatasi nyeupe nzito, na upande wa mkono wake wa kulia vifaa vimelala kwa mstari: kioo kidogo cha kukuzia mara kumi, kioo kikubwa chenye mpini, rula ya chuma, brashi ya manyoya laini, tochi ya kawaida, tochi ya urujuanimno, kibapa chembamba cha mfupa, na penseli. Mbele yake kuna albamu ya karatasi nyeusi iliyonunuliwa mnadani, imefungwa kwa kamba. Ilifika jana. Hajaifungua bado.

Alipoipokea aliiweka chumbani humo humo, ndani ya bahasha yake, akaiacha ilale hadi leo. Karatasi iliyosafiri katika baridi ya gari la posta ikifunguliwa ghafla katika chumba chenye joto huvuta unyevu, na gelatini iliyobeba picha huvimba kidogo. Ikivimba inaweza kunata kwenye ukurasa wa pili. Basi husubiri hadi albamu na chumba viwe na joto moja. Nimekuwa nikija kumtazama akifanya kazi hii, na kusubiri huko ndiko kulikonifanya nimheshimu kwanza, kwa kuwa anayenunua kitu kwa hamu hutaka kukiona papo hapo. Mzee ana hamu kuliko mtu yeyote ninayemjua, na bado albamu ililala.

Anachokusanya ni picha za glaida zenye injini za mwanzo wa miaka ya 1920. Kipindi hicho kilikuwa kifupi na cha ajabu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani, waliobanwa na Mkataba wa Versailles katika mambo ya ndege za injini, walianza mwaka 1920 kukutana kwenye mlima Wasserkuppe kuruka kwa upepo tu. Oktoba 1922 Waingereza nao wakafanya mashindano ya glaida katika kilima cha Itford, Sussex, na Mfaransa Alexis Maneyrol akashinda zawadi ya gazeti la Daily Mail, pauni 1,000, kwa kukaa angani saa 3 na dakika 21 bila injini. Watu wakaanza kujiuliza: bawa likiweza kubebwa na upepo muda wote huo, injini ndogo kiasi gani ingetosha kulibeba siku isiyo na upepo? Tarehe 6 Mei 1923 Georges Barbot aliuvuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, kwenda na kurudi, kwa ndege nyepesi ya Dewoitine. Kisha Oktoba mwaka huo, kuanzia tarehe 8 hadi 13, ndege ndogo za namna hiyo zilikusanyika katika uwanja wa Lympne, hapa hapa Kent, juu ya ukingo wa nyanda unaotazama mbuga za Romney na bahari. Sharti lilikuwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 750, yaani injini ya pikipiki.

Ndege zile zilikuwa chache, nyingi zilijengwa moja au mbili tu, na nyingi zikaisha ndani ya miaka michache. Kilichobaki ni picha. Picha nazo zimetawanyika: nyingine ni za magazeti, nyingine ni postikadi, na nyingine ni za watu wa kawaida waliopanda basi au baiskeli kwenda kutazama, wakiwa na kamera ndogo mfukoni. Hizi za mwisho ndizo Mzee anazozipenda, kwa kuwa mpigapicha wa gazeti alikwenda kwa ndege iliyoshinda, lakini mtu wa kawaida alipiga iliyokuwa mbele yake.

Sasa anafungua kamba. Hageuzi kurasa kwa kidole. Anapitisha kibapa cha mfupa chini ya ukurasa, anauinua kwa upana wake wote, na kuulaza upande wa pili huku kiganja kikiwa chini kuushika. Kwenye ukurasa wa tatu anasimama. Picha nne ndogo zimeshikwa kwa pembe za karatasi. Hazikugundishwa kwa gundi, na kwa hilo anashukuru kwa kutikisa kichwa. Ya juu kushoto ina ndege yenye bawa moja refu, imekaa kwenye majani mafupi. Watu watatu wamesimama karibu nayo. Mmoja wao, mwenye koti refu, amesimama kati ya kamera na sehemu ya nyuma ya ndege.

Hachukui kioo. Kwa muda mrefu anaitazama kwa macho matupu, mikono mapajani. Aliwahi kuniambia kwamba kioo kikitangulia, mtu huona vipande kabla ya kuona kitu kizima, na kipande cha kwanza kinachompendeza humdanganya kwa vingine vyote. Kwa hiyo kwanza anauliza maswali mapana: aliyepiga alisimama wapi, mwanga unatoka upande gani, watu wanatazama nini, kuna nini nyuma yao. Anasema majibu kwa sauti ndogo, moja moja, bila kuyaunganisha. Majani. Upeo wa macho uko chini, hakuna miti. Watu wamevaa makoti mazito. Rafadha imetulia.

Ndipo anaitoa picha kwenye pembe zake, akiikunja kidogo sana katikati ili ncha zichomoke zenyewe, na kuilaza kwenye karatasi nyeupe. Anazima taa ya mezani, anavuta pazia nusu, anawasha tochi ya kawaida na kuishika chini kabisa, karibu ilale mezani, mwanga upite juu ya uso wa picha kwa ubavu. Katika mwanga huo uso unabadilika kuwa nchi yenye vilima. Kuna mkunjo kwenye pembe moja. Kuna alama ya kidole cha mtu aliyeishika ikiwa bado mbichi. Na kwenye kingo, palipo na giza zaidi katika picha, panang'aa rangi ya samawati kama madini. Hiyo ni fedha. Picha ya aina hii ina tabaka tatu: karatasi, juu yake salfeti nyeupe ya bariamu, na juu kabisa gelatini yenye chembe za fedha. Hewa chafu na unyevu huziamsha chembe hizo taratibu, zikapanda juu ya gelatini na kutanda pale. Jambo hilo huchukua miongo, na ni gumu kuliigiza. Mzee hufurahi kuiona dalili ya ugonjwa huo, kwa kuwa humpa umri wa mgonjwa.

Kisha kioo kidogo. Anakiweka moja kwa moja juu ya picha, anainama hadi kope zake zikaribie lenzi, na kukisogeza kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia, halafu chini kidogo, kulia kwenda kushoto, namna mkulima anavyopalilia tuta. Hapa ndipo kazi yake ya zamani inaposaidia. Alitumia miaka yake mingi katika kiwanda cha uchapaji, na jicho lake linazijua nukta. Picha iliyochapwa gazetini au kitabuni kwa wino, hata iwe safi namna gani, chini ya kioo kwa kawaida huvunjika kuwa nukta zilizopangwa safu kwa safu. Picha ya kweli ya fedha haina safu. Ukiisogelea, kijivu chake hubaki kijivu, kikififia polepole hadi macho yashindwe. Nimeona akinunua rundo la postikadi na kuligawa mara mbili kwa dakika chache, zilizochapwa huku, za fedha huku, bila kusoma neno hata moja nyuma yake.

Hatua inayofuata inataka giza. Anafunga pazia lote na kuwasha tochi ya urujuanimno. Viwanda vya karatasi za picha vilianza kutia dawa ya kung'arisha weupe mnamo miaka ya 1950, na dawa hiyo haijifichi: chini ya mwanga huu huwaka buluu nyeupe kama shati jipya. Karatasi ya mwaka 1923 haina dawa hiyo. Ikiwaka, basi ni nakala ya baadaye kutoka kwenye negativu ya zamani, na wakati mwingine ni nakala ya nakala. Mzee hazitupi zile zinazowaka, kwani nakala nzuri ya 1960 inaweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki. Ila huziweka katika sanduku lao, na kadi ya maelezo ya kila moja husema hivyo waziwazi. Anapitisha mwanga juu ya picha yetu. Inabaki kama ilivyo, hafifu, rangi ya pembe ya ndovu. Anafungua pazia.

Sasa rula. Picha ina upana wa sentimita nne na urefu wa sita na nusu. Kipimo hicho kinasema mengi. Ndicho kipimo cha negativu ya kamera ya Kodak ya mfukoni, Vest Pocket, ambayo askari wengi waliibeba vitani na kurudi nayo nyumbani. Picha haikukuzwa, negativu ililazwa juu ya karatasi, ikapigwa mwanga, ikatoka picha ya ukubwa ule ule. Kwa hiyo hakuna kilichopotea njiani. Kila alichokiona mpigapicha kupitia lenzi yake ndogo kimo humu, kimesongamana katika eneo dogo kuliko kiganja cha mtoto, kikisubiri mtu mwenye subira ya kukisogelea.

Mwishoni mwa albamu kuna bahasha, na ndani ya bahasha kuna negativu. Mzee anavaa glavu nyembamba za nitrili. Za pamba hazitumii hapa, kwa kuwa huteleza na kumnyima hisia za vidole. Anainusa bahasha kabla ya kuifungua. Filamu za wakati huo zilitengenezwa kwa nitreti, ambayo huwaka moto kwa urahisi wa kutisha, na ikianza kuharibika hutoa harufu kali ya tindikali, hugeuka manjano na kunata. Hizi hazinuki. Hata hivyo hazitarudi kwenye albamu: kila kipande kitaingia kwenye bahasha yake ya karatasi inayopumua, na zote zitahifadhiwa mahali pa baridi, mbali na picha, kwa sababu gesi yake hula fedha na karatasi za jirani. Anaziinua moja moja dhidi ya dirisha. Kwenye ukingo wa ile ya ndege kuna mwandiko.

Kwa mwandiko huo nilisimama na kwenda nyuma ya kiti chake. Tangu mwaka 1914 Kodak waliuza kamera zenye kijidirisha mgongoni na kalamu ya chuma. Mtu akishapiga picha, alifungua kijidirisha, akaandika kwenye karatasi iliyofunika filamu, na kuuacha mwanga wa mchana uingie sekunde chache kupitia mikwaruzo ya kalamu. Maneno yake yakajiandika kwenye filamu, kando ya picha. Wachapaji wengi waliufunika ukingo huo wakati wa kutengeneza picha, kwa hiyo maneno hubaki kwenye negativu tu, na anayetupa negativu hutupa ushahidi. Mzee anasoma, herufi kwa herufi, kwa kioo chenye mpini. Lympne. Oct. Baada ya hapo kuna kitu kama tarakimu, lakini kalamu iliteleza au mwanga ulizidi, na pamebaki doa jeusi. Halikisii doa hilo. Anasema, "Lympne, Oktoba," anaishia hapo.

Ningekuwa mimi ningeridhika. Yeye anaanza upya, kana kwamba mwandiko haupo, kwa kuwa watu huandika vibaya, au huandika baadaye, au huandika mahali walipokwenda asubuhi juu ya picha ya jioni. Anataka picha yenyewe ikubali. Anaitazama ardhi. Kivuli cha mtu wa kushoto kimelala kwenye majani, na Mzee anapima urefu wa mtu, kisha urefu wa kivuli, akikumbuka kwamba kivuli kinakwenda mbali na kamera kwa mshazari na hivyo huonekana kifupi kuliko kilivyo. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea kivuli kinachojikunja miguuni saa sita mchana. Lympne, katika juma la pili la Oktoba, jua halipandi zaidi ya nyuzi 33 hivi kutoka upeo wa macho, hata saa sita kamili. Mtu wa mita 1.8 hawezi kuwa na kivuli kifupi kuliko mita 2.8 hivi juma hilo. Kivuli kikiwa kifupi kuliko mtu, mwandiko wowote unaosema Oktoba ni uongo. Na hili lina maana kwake, kwa sababu baadhi ya ndege hizi zilipigwa picha pia majira ya kuchipua na ya joto mwaka huo, mahali zilipojengwa. Kivuli cha picha yetu ni kirefu, kirefu sana kuliko mtu. Oktoba inaruhusiwa.

Sasa ndege. Wengi hutazama umbo la bawa kwanza. Mzee huanzia puani. Injini ndiyo inayosema haraka. Katika ANEC, iliyobuniwa na W. S. Shackleton, injini ya Blackburne ilipinduliwa, silinda zikaning'inia chini. Katika Wren ya kampuni ya English Electric, iliyobuniwa na W. O. Manning, injini ya ABC ya sentimita za ujazo 398 tu ililala, silinda moja ikitokeza kushoto na nyingine kulia, kama masikio. Humming Bird ya de Havilland ilikuwa na silinda za kutokeza pembeni vilevile, lakini bawa lake lilikuwa chini, limeshikwa na nguzo kutoka juu ya kiwiliwili. Anakisogeza kioo. Silinda ya upande wetu inaonekana, fupi, yenye mapezi ya kupoozea. Bawa liko juu. Hakuna nguzo, hakuna waya. Bawa linajibeba lenyewe, jambo lililokuwa la ujasiri mwaka 1923. Magurudumu ni madogo, na nusu yake imezama ndani ya kiwiliwili, hata ndege inaonekana imekaa chini kwa tumbo. "Wren," anasema, na kwa mara ya kwanza leo anatabasamu.

Anayo haki ya kutabasamu. Zawadi kuu pale Lympne ilikuwa ya atakayekwenda mbali zaidi kwa galoni moja ya petroli, na iligawanywa kati ya Wren iliyorushwa na Walter Longton na ANEC iliyorushwa na Jimmy James. Kila mmoja alifikisha maili 87.5 kwa galoni, sawa na kilomita 31 hivi kwa lita moja. Gari nyingi za leo hazifiki huko, na hizi zilikuwa angani. Lakini Wren zilizokuja Lympne zilikuwa mbili, namba 3 na namba 4, na namba ya mashindano ilipakwa rangi sehemu ya nyuma, mahali hasa aliposimama yule mwenye koti.

Mtu mwingine angeandika "Wren, Lympne, 1923" na kufunga albamu. Mzee anatoa picha ya pili katika ukurasa ule ule. Ni ndege ileile, majani yaleyale, na anathibitisha kwa kupanga negativu mbili sambamba: ziko kwenye kipande kimoja cha filamu ambacho hakikukatwa, moja baada ya nyingine. Mwenye koti amesogea hatua moja kulia. Rafadha sasa inazunguka, imekuwa ukungu wa mviringo ulio sawa pande zote, ishara ya kamera ndogo yenye vibapa vya kufunga katikati ya lenzi. Kamera kubwa za magazeti, zenye pazia linalopita mbele ya filamu, zingeipinda rafadha hiyo kama mundu. Nyuma ya bega la koti pametokeza kijisehemu cha rangi nyeusi. Anakitazama mpaka chai yake inapoa. Kisha anaiweka negativu kwenye skana, anachagua kipimo cha juu kabisa, na tunasubiri mashine ipite polepole.

Kwenye skrini kijisehemu kile kinakuwa mstari ulionyooka, wima. Tatu haina mstari wa wima. Nne inao. Nikasema basi ni namba 4. Mzee hakujibu. Alichukua kutoka rafuni sanduku la picha alizozipiga mwenyewe huko Old Warden, kwenye hifadhi ya Shuttleworth, ambako Wren namba 4 bado ipo. Amewahi kusimama ubavuni mwake akiwa na picha ya zamani mkononi, akirudi nyuma na kuinama mpaka bawa na mkia vikae kama vilivyokaa kwa mpigapicha wa 1923. Sasa analinganisha umbali kutoka ukingo wa bawa hadi mstari ule, kwa rula, kwenye picha zote mbili, na kuugawa kwa urefu wa ndege. Vinakaribiana. Lakini mshono wa kitambaa ungeweza pia kuonekana kama mstari mweusi ukiwa na kivuli, na namba inaweza kupakwa upya katika karne nzima. Anaandika vipimo vyote viwili kwenye karatasi ya pembeni na kuiacha.

Kuna picha moja aliyonionyesha siku nyingine, ambayo ndiyo iliyonifundisha kwa nini hakimbilii jibu. Ni picha ya gazeti, kubwa na yenye kung'aa, na nyuma yake kuna muhuri, alama za kalamu ya nta nyekundu za mhariri aliyeikata, na kijikaratasi kilichopigwa taipu na kugundishwa. Inamwonyesha Maneyrol, mshindi wa Itford, kando ya ndege ya bawa moja ya Peyret. Maneyrol alikufa Lympne tarehe 13 Oktoba 1923, bawa la ndege hiyo lilipovunjika akitafuta zawadi ya kupanda juu. Kijikaratasi kinadai picha ilipigwa dakika chache kabla ya kifo chake. Mzee alipima vivuli, akatazama nguo, akailinganisha na picha nyingine za juma lile, na hakupata lolote la kuithibitisha siku hiyo badala ya nyingine. Kadi yake inasema: Maneyrol na Peyret, Lympne, Oktoba 1923. Maneno ya kijikaratasi ameyanakili yote, na mbele yake ameandika kwamba ni madai ya gazeti. Picha ile ingeuzwa ghali mara nyingi zaidi kwa madai yale. Kwake, mtu aliyekufa hastahili kuongezewa dakika ambazo hakuna aliyezishuhudia.

Usafishaji huja karibu na mwisho, na ni mdogo kuliko nilivyotarajia. Anapitisha brashi laini kutoka katikati kwenda nje, kwa uzito wa manyoya yenyewe, mpaka vumbi liondoke. Hatumii maji wala dawa. Picha iliyofifia haifufui, na mkunjo wa pembe anauacha. Kisha anakata mfuko wa polyesta safi ambamo picha itaingizwa kwa kibapa, na mfuko utalala ndani ya kadi iliyokunjwa isiyo na tindikali. Chumba cha masanduku kina kipimo cha unyevu ukutani, na anapenda sindano yake ikae kati ya asilimia 30 na 50. Nilimweleza juu ya picha za studio nilizozikuta katika makabati ya Unguja na Mombasa, zilivyonata kwenye vioo vya fremu kwa joto na unyevu wa pwani. Akaniuliza kama kuna aliyejaribu kuzibandua. Nikamwambia wapo. Akafumba macho kidogo, kisha akasema zilizonata ziachwe na kioo chake, zipigwe picha zikiwa hivyohivyo. Picha nyingine tatu za ukurasa ule zilirudi kwenye pembe zake. Albamu yenyewe haitakatwa, kwa kuwa mpangilio wa kurasa ni ushahidi pia, na mpangaji wake ndiye shahidi tuliyebaki naye.

Ndipo anaichukua penseli, laini, namba 2B, na kuichonga mpaka ncha iwe butu kidogo isiyokwaruza. Nyuma ya picha haandiki kitu zaidi ya namba ya kumbukumbu, kwenye ukingo, picha ikiwa imelala kifudifudi juu ya kioo safi ili ncha isiache kovu upande wa pili. Mengine yote yanaingia kwenye kadi. Mwandiko wake ni mdogo, umesimama wima. Anaandika kipimo, aina ya karatasi, matokeo ya mwanga wa urujuanimno, maneno ya ukingo wa negativu na doa lililoyafuata, urefu wa kivuli, silinda, bawa, magurudumu. Mbele ya jina la ndege anaandika: Wren. Mbele ya namba anaandika 4, anasita, na kuongeza alama ya kuuliza, na chini yake sababu mbili za kukubali na mbili za kukataa, pamoja na vipimo vyake ili mtu aweze kuvirudia. Zinajaza nusu ya juu ya kadi. Nusu ya chini anaiacha tupu, na nilipomuuliza kwa nini hatumii kadi ndogo zaidi, akasema atakayekuja na picha ya tatu, ile ambayo mwenye koti amekwishaondoka, atahitaji mahali pa kuandika.